Prosesa Dume

Kwa taarifa ya wazazi, walimu, na yeyote anayekusudia kununua simu ya mkononi: ifuatayo ni ripoti rasmi, kamili, isiyoegemea upande wowote, kuhusu vipimo vya ndani vya simu na jinsi familia moja ilivyovikabili. Mwandishi ameifanya kazi hii kwa utulivu wa hakimu. Hana undugu na mtu yeyote humu. Anaiandika kwa penseli, kwenye kurasa za mwisho za daftari la kusomea mita za maji, kwa sababu karatasi nyingine nyumbani zimekwisha. Hapo msomaji makini atauliza: daftari la mita za maji limemfikiaje mtu asiye na undugu na mtu yeyote? Swali zuri. Tuendelee.

Katika nyumba hiyo alikuwepo baba aliyesoma mita za maji kwa miaka kumi na tisa. Si kazi ya kujisifia kwenye sherehe. Unabisha geti, unangoja mbwa afungwe, unapiga goti chini, unafunua kifuniko cha chuma, unafuta kioo kwa kidole gumba, unasoma namba, unaandika: usomaji uliopita, usomaji wa sasa. Unafunika, unakwenda geti la pili. Goti lake la kulia lilikwisha kwa kazi hiyo, lakini jicho lake lilinoleka. Mita iliyochezewa aliijua kabla hajaigusa.

"Namba haina hatia," alipenda kusema. "Mwenye hatia ni aliyeizungusha nyuma. Na huyo hakosi kuacha alama. Wewe tazama lakiri tu."

Lakiri ni kile kipande cha madini ya risasi kinachofungwa kwa waya kwenye mita, ili mtu asiifungue. Ikiwa nzima, usomaji ni halali. Ikiwa imevunjwa, kuna mwizi. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake yote, na ilimtosha kulisha nyumba.

Mama aliuza barafu na maji baridi. Alikuwa na friji kubwa nyeupe iliyonguruma kama bibi aliyekataliwa jambo. Na alikuwepo binti wao wa pekee, mwanafunzi wa shule ya bweni, nyumbani kwa likizo. Ripoti hii itamwita Mtaalamu, kwa kuwa ndivyo alivyojiita mwenyewe. Utaalamu wake aliupata shuleni, ambako simu ni marufuku. Aliwahi kuficha simu ndani ya mkate kwa muda wa mwezi mzima, na akasugua masufuria wiki mbili mkate ulipokatwa. Hakuna anayeijua simu kama mtu aliyekatazwa kuwa nayo.

Barua ilikuja siku ya Jumanne. Baba aliisoma akiwa amesimama, kofia kichwani.

"Kuanzia Jumatatu ijayo," alisoma, "wasoma mita wote watatumia programu mpya ya simu. Kila msoma mita atajitafutia kifaa chenye ramu isiyopungua GB nne, hifadhi isiyopungua GB sitini na nne, betri ya elfu tano, kamera yenye uwezo wa kulenga yenyewe, na…" Akaacha kusoma. "Haya mengine ni ya kwao wenyewe."

"Na asiye nayo?" aliuliza Mama.

"Atapangiwa majukumu mengine."

"Majukumu mengine ndiyo yapi?"

"Mitaro."

Mama aliliangalia goti. Baba naye aliliangalia, kama vile ni mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Utachimba mitaro na hilo?"

"Nimesema nitachimba? Nitanunua simu."

"Kwa pesa ya nani, mume wangu? Ada ya huyu hapa haijatimia."

Hakuna aliyejibu, ila friji, ambayo ilichagua wakati huohuo kunguruma. Wote watatu wakageuka kuitazama. Nadhani kama ingekuwa na akili ingenyamaza.

Ilichukuliwa Alhamisi na watu wawili wenye mkokoteni. Ilipotoka, sakafuni ilibaki alama ya mraba, safi, sehemu pekee ya saruji iliyokuwa na rangi yake ya zamani. Mama alichukua ufagio akaifagia, ingawa haikuwa na vumbi. Siku ile watoto wa jirani walikuja mara nne kuulizia barafu. Mara ya nne hakufungua mlango.

Ijumaa jioni, Mtaalamu alitoa mhadhara.

Alisimama mbele ya meza, mwiko mkononi badala ya fimbo ya mwalimu. Baba aliketi na daftari lake la kazi, penseli imechongwa. Alikuwa amemleta mwenzake wa kazi, mtu mnene, mcheshi, ambaye ofisi nzima ilimwita Kifuniko kwa sababu alikuwa akisahau kufunika mita na siku moja mbuzi wa watu alivunjika mguu.

"Mabibi na mabwana," alisema Mtaalamu, "simu ni jiko."

"Tumeanza vizuri," alisema Kifuniko. "Nina njaa."

"Ramu ni meza ya kupikia. Meza ikiwa ndogo, huwezi kukata vitunguu na kukanda unga kwa pamoja. Unafungua programu moja, nyingine inajifunga. Hifadhi ni kabati. Humo mnaweka picha za mita zenu. Kabati likijaa, hata mpishi awe hodari namna gani, hana pa kuweka chungu. Na mpishi mwenyewe ndiye prosesa."

"Ngoja." Baba aliandika polepole, kwa zile herufi zake za mraba. "Prosesa… ndiye… mpishi."

"Betri ni kuni. Elfu tano ni kuni za kutwa. Kamera, msihesabu macho. Simu inaweza kuwa na macho manne na yote ni vipofu. Muhimu ni iweze kulenga yenyewe namba ndogo."

"Huyu mtoto ana akili," Kifuniko alimwambia Baba. "Amefanana na mama yake."

Baba alicheka, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Jumanne. Kisha akalisukuma daftari mezani. "Niandikie maswali ya kumwuliza muuzaji. Kwa mpangilio. Nisije nikasahau moja nikaaibika."

Mtaalamu akaandika maswali sita. Yalikuwa sahihi yote, na mwandishi wa ripoti hii yuko tayari kuapa mbele ya jopo lolote la mainjinia. Kuhusu swali la saba, vyanzo vinatofautiana. Lilionekana chini ya mengine, kwa mwandiko uleule lakini mdogo kidogo. Huenda liliongezwa na mtu fulani kwa nia njema. Huenda ni makosa ya uchapaji. Wanahistoria bado wanabishana.

"Kesho twende wote," Baba alimwambia Mtaalamu. "Wewe uniangalizie."

"Kesho kichwa kitaniuma, Baba."

"Kitakuuma kesho?"

"Kimeanza. Maswali yanatosha. Ukiyauliza yote saba, hakuna atakayekudanganya."

Yaliyotokea dukani mwandishi ameyapata kwa Kifuniko, shahidi aliyekuwepo.

Duka lilikuwa jembamba, lina vioo pande zote mbili na muziki wa juu. Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi na saa kubwa. Baba aliingia na sare yake ya kazi na buti, kwa kuwa aliona ni jambo rasmi. Watu watatu au wanne walikuwa kwenye kaunta.

"Karibu, mzee wangu. Tochi au ya kupangusa?"

"Nina maswali," alisema Baba, akafunua daftari.

Muuzaji alimtolea simu kwenye boksi lililofungwa nailoni. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, mgongoni macho manne. Baba hakuigusa kwanza. Alilichukua boksi, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mishono ya nailoni pande zote sita, akakisogeza kibandiko cha lakiri kwenye mwanga. Kilikuwa kizima. Akapumua.

"Swali la kwanza. Ramu?"

"Nane, mzee. Wewe unataka ngapi?"

"Nne."

"Nimekupa maradufu."

"Hifadhi?"

"Mia mbili hamsini na sita."

Baba aliomba kuona. Muuzaji akachana nailoni, akawasha simu, akafungua ukurasa wa mipangilio, akamgeuzia. Namba zilikuwepo, nyeupe juu ya nyeusi: 8, na chini yake 256. Baba alizisoma kama anavyosoma mita, kutoka kushoto kwenda kulia, mara mbili, midomo ikicheza. Akaziandika. Usomaji wa sasa.

Betri, kamera, ramani, toleo la mfumo: kila alichouliza kilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa kubwa kuliko alichotaka. Bei tu ndiyo iliyokuwa ndogo. Ilikuwa karibu sawa na pesa waliyouzia friji, ikabaki ya nauli.

Kisha akafika la saba.

"Na je," alisoma Baba, kwa sauti ya ofisini, "prosesa yake ni dume au jike?"

Muuzaji alimtazama. Akaitazama sare, buti, daftari. Kifuniko anasema aliona kitu kikitulia usoni mwa kijana yule, kama mtu aliyekuwa akibeba mzigo kwa tahadhari na sasa amegundua hauvunjiki.

"Dume, mzee," alisema. "Dume kabisa. Hizi jike hatuleti, zinaharibika upesi."

Watu wa kwenye kaunta walicheka. Baba alidhani wanacheka na muuzaji, akatabasamu nao. Akaweka alama ya vema kwenye swali la saba, akalipa.

Siku hiyo, saa hiyohiyo, kichwa cha Mtaalamu kilikuwa kinapata matibabu nyumbani kwa rafiki yake, mbele ya filamu.

Jumatatu asubuhi wasoma mita ishirini na watatu walipanga foleni kwenye ukumbi wa ofisi ya maji. Mezani aliketi Afisa wa Mifumo, kijana ambaye alipozaliwa Baba alikuwa tayari ana ndevu. Kazi yake ilikuwa kupokea simu, kuweka programu inayopima vya ndani bila kuuliza vya nje, na kusema "imepita" au "haijapita". Aliyepita alipewa orodha ya mitaa yake.

Kifuniko alikuwa mbele ya Baba. Alitoa simu aliyoipata kwa shemeji yake, ya miaka mitatu, kioo kimepasuka kona mbili, mgongo umefungwa kwa gundi ya karatasi.

"Hii imetoka vitani?" aliuliza Afisa.

"Imetoka kwa shemeji. Ni kulekule."

Programu ilizunguka, ikatoa alama ya kijani. "Imepita. Anayefuata."

Baba aliitoa yake kwenye boksi. Alikuwa hajalitupa boksi. Alilibeba chini ya kwapa kama cheti. Wenzake walisogea kuangalia.

"Nane kwa mia mbili hamsini na sita," aliwaambia. Haikuwa tabia yake kujigamba, lakini siku hiyo alijigamba kidogo. "Mkienda kununua, muulize maswali. Msikubali tu. Ramu, hifadhi, betri. Na muulize kama prosesa ni dume."

Kisha Afisa akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akafunika mdomo kwa mkono, machozi yakamtoka. "Samahani, mzee. Samahani sana. Dume? Nani alikwambia hivyo?"

Wengine waliocheka walikuwa hawajui hata wao kinachochekesha. Walicheka kwa kuwa afisa alicheka.

"Nimesahau," alisema Baba.

Programu ilizunguka. Ilizunguka muda mrefu. Ikatoa alama nyekundu, na Afisa akaacha kucheka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Mzee, hii ni feki. Ramu moja. Hifadhi nane, na zaidi ya nusu imejaa. Wameandika tu namba kwenye ukurasa wa mbele."

"Lakini nilizisoma."

"Ulisoma walichokuandikia."

"Lakiri ilikuwa nzima."

Afisa hakujua lakiri inaingiaje hapo. Aliweka ukucha kwenye mfuniko wa nyuma, akaubandua. Macho matatu kati ya manne yalikuwa vioo vilivyobandikwa kwenye plastiki, nyuma yake hakuna kitu. Betri ilikuwa ndogo kama biskuti, na pembeni yake kimewekwa kipande cha risasi ili simu iwe nzito mkononi. Baba alikichukua kile kipande, akakishika kati ya vidole viwili. Kilikuwa risasi ileile, rangi ileile, ya lakiri za mita zake.

"Orodha inafungwa saa sita," alisema Afisa kwa upole. "Ukipata nyingine kabla ya hapo…"

Duka lilikuwa dakika ishirini kwa mtu mwenye magoti mawili mazima. Baba alifika anachechemea, jasho limelowesha sare. Muziki ulikuwa uleule.

"Bidhaa ikishafunguliwa hairudi, mzee. Soma pale ukutani."

"Uliniambia nane."

"Na wewe ukaona nane. Si ulisoma kwa macho yako? Tena ukaandika." Muuzaji hakuwa amekasirika hata kidogo. "Umeniuliza maswali saba, nimekujibu saba. Mteja mwingine gani aliwahi kuhudumiwa hivyo?"

Baba alisimama pale kwenye kaunta mpaka mteja mwingine alipomwomba asogee. Akasogea.

Sasa ni wiki ya tatu. Kifuniko amepewa mitaa yake mwenyewe pamoja na mitaa ya Baba, na bado anasahau kufunika. Baba yuko mitaroni. Hulipwa kwa siku, na siku ambayo goti limevimba si siku. Akirudi jioni Mama humkanda goti kwa maji ya moto, wawili wameketi ndani ya ule mraba uliokuwa wa friji, kwa sababu hapo sakafu haijapasuka.

"Leo mmechimba wapi?" Mama huuliza.

"Njia yangu ya zamani. Nimepita mita zangu zote. Watu wananiuliza mbona sizisomi."

"Unawaambiaje?"

"Nawaambia nimepanda cheo."

Shule imefunguliwa Jumatatu iliyopita. Mtaalamu hakwenda. Hakuna aliyemwambia hataenda. Sanduku lake halikushushwa tu kutoka juu ya kabati. Ile simu feki ameachiwa yeye, achezee. Ina tochi nzuri.

Jambo moja linahitaji kuingia kwenye ripoti. Katika wiki hizi tatu Baba hajamuuliza Mtaalamu swali lolote. Kifuniko alipokuja kueleza yaliyotokea, akafika kwenye dume na jike, akaanza kucheka, Baba alimkatiza: "Sema mengine." Mtaalamu aliingia ndani akajifanya anatafuta kitu. Kwa hiyo mwandishi anahitimisha kwamba, kwa ushahidi uliopo, lawama ni za muuzaji kwa asilimia tisini, za ofisi kwa asilimia kumi, na swali la saba, ambalo asili yake haijulikani, halikuwa na athari yoyote kwenye

Hapo ndipo alipoingia. Sikumsikia, buti za mitaroni huziacha nje. Alikuwa anatafuta daftari lake, anataka kuhesabu siku alizofanya kazi. Nililikumbatia, akanyoosha mkono tu, nikampa.

Alisoma akiwa amesimama. Alisoma kama anavyosoma kila kitu, kutoka kushoto kwenda kulia, midomo ikicheza. Alitabasamu kidogo alipofika friji iliponguruma. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Akafika kwenye wanahistoria wanaobishana, akaweka kidole gumba pale, akakipitisha juu ya maneno kama anayefuta kioo.

"Hapa," alisema, "mita imezungushwa nyuma."

Nilikuwa nimeandaa utetezi tangu siku ile ya Kifuniko. Ningesema swali la saba lilikuwa mtego: muuzaji anayekubali upuuzi ni mwongo, hivyo usinunue kwake. Ni utetezi mzuri, hata mwalimu wa nidhamu angeyumba. Kasoro yake ni kwamba mtego hutegwa na mtu anayemwambia mwindaji ulipo.

"Ni mimi, Baba."

"Najua ni wewe. Mwandiko si wako?" Hakupandisha sauti. Aliketi kitandani, akanyoosha ule mguu. "Nauliza la kwa nini."

"Nilitaka…" Mwandishi wa ripoti hii, mwenye utulivu wa hakimu, alikuwa ameanza kulia kwa namna isiyo rasmi kabisa. "Nilitaka kuona kama utaliuliza kweli. Nilidhani utalisoma kwanza, ucheke. Na kichwa hakikuniuma."

Nje mtoto wa jirani, mdogo kuliko wote, ambaye bado hajaelewa, alikuwa anabisha kuulizia barafu.

"Ungeliandika la kwanza ningelicheka," alisema Baba. "Lakini yale sita yalikuwa ya kweli."

Akanirudishia daftari na penseli, akaniambia nimalizie, niandike kama mita ilivyosoma. Alipofika mlangoni alisimama, mkono kwenye fremu, kana kwamba kuna geti moja alilolisahau.

"Kifuniko hajakwambia yote," alisema. "Lile swali nililiuliza mara mbili. Mara ya kwanza muziki ulikuwa juu, nikaona huenda hakunisikia."